Ujana Salama: pale mshauri alipoishia mlangoni

Mwaka 2017 vijiji 130 vya Mufindi, Mafinga, Rungwe na Busokelo, katika mikoa ya Iringa na Mbeya, viliingizwa kwenye jaribio ambalo nje ya duru za watafiti halizungumzwi vya kutosha. Vyote vilikuwa na kaya zinazopokea ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) chini ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Kura ilipopigwa, nusu ya vijiji vikaendelea na ruzuku kama kawaida. Katika nusu nyingine, vijana wa miaka 14 hadi 19 kutoka kaya hizo wakaongezewa mafunzo, mshauri, mtaji mdogo, na vituo vya afya vilivyoandaliwa kuwapokea. Jaribio likaitwa Ujana Salama, na TASAF ililiendesha pamoja na Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS) na UNICEF. Kwa kuwa pande zote mbili zilipata ruzuku ileile, tofauti iliyoonekana baadaye haiwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya fedha za kaya. Ilitokana na hicho kilichoongezwa.

Maeneo hayakuchaguliwa ovyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa Iringa yakiwa asilimia 11.3 na Mbeya asilimia 9.3, ilhali wastani wa nchi ulikuwa karibu asilimia 5. Ongeza mashamba ya chai, biashara ya mbao na barabara kuu inayopita Mafinga, pamoja na mawakala wanaokuja kuchukua mabinti kwenda kufanya kazi za ndani mijini. Hapo mtoto wa kaya maskini huwa mtu mzima kabla ya umri wake.

Jambo lililofanywa vizuri ni mpangilio wa hatua. Mafunzo yalitangulia kwa wiki 12, yakichanganya afya ya uzazi, VVU, mahusiano ya kijinsia na namna ya kuanzisha shughuli ya kipato. Kisha ikaja miezi tisa ya kuwa na mshauri katika jamii yao. Mtaji, takribani dola 80 za Marekani au kama Sh180,000 kwa wakati ule, ulimfikia kijana aliyehudhuria mafunzo na mwenye mpango mkononi: kufuga, kufanya biashara, au kuendelea na masomo na ufundi.

Ukiugeuza mpangilio huo unaharibu kazi. Kijana wa miaka 16 akipewa fedha hizo siku ya kwanza, ataulizwa nyumbani kuhusu paa linalovuja na deni la dukani, na hana la kujibu. Mpango ulioandikwa kwa jina lake na kujulikana kwa mtu mzima wa nje ya nyumba unampa sababu ya kusema, "Hizi ni za nguruwe." Linganisha na mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo fungu lake la vijana ni asilimia 4. Ile inataka kikundi kilichosajiliwa, na wanachama wawe wametimiza miaka 18. Kijana wa 16 aliyeacha shule hana kikundi wala kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo dirisha lile si lake. Ujana Salama ilimpa mtaji yeye binafsi.

Matokeo yakaja. Vijana wengi zaidi walijihusisha na shughuli za kipato na ufugaji, uelewa wa VVU ukapanda, baadhi wakachelewa kuanza ngono, na wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono wakapungua. Kwa programu iliyotoa mtaji mdogo kiasi hicho, si haba.

Lakini kuna matokeo mengine ambayo kwangu ndiyo yenye somo la kiufundi: katika kutafuta msaada baada ya ukatili, hakuna badiliko lililoonekana. Vijana walijua zaidi, walikuwa na mshauri, na bado waliofanyiwa ukatili hawakwenda kuomba msaada zaidi ya wenzao wa vijiji vya ruzuku pekee.

Kwa nini? Maelezo haya ni yangu. Mchukue binti wa kufikirika wa miaka 16, mwaka 2018, aliyebakwa na ndugu wa mama yake. Mafunzo yamemwambia aende polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, achukue fomu ya polisi ya PF3, kisha hospitali. Dawati liko mjini na nauli hana. Mtendaji wa kijiji anamfahamu mjomba. Polisi watauliza mzazi yuko wapi, na mzazi mwenyewe ndiye anayetaka mambo yamalizwe kifamilia. Akitaka kupima VVU kimyakimya, sheria ya wakati huo ilimtaka awe na miaka 18 ndipo aridhie mwenyewe. Umri huo ulishushwa hadi miaka 15 mnamo Novemba 2019. Akigundua ana mimba, shule ya serikali ilikuwa imemfungia, na waraka wa kumruhusu kurudi ulitoka Novemba 2021. Kwa miaka hiyo mshauri mwaminifu kabisa alikuwa akielekeza watoto kwenye milango ambayo sheria yenyewe ilikuwa imeikomea.

Sheria hizo zimebadilika. Utaratibu wa rufaa, kwa ninavyouona kwenye miradi mingi, bado haujabadilika: mshauri anamwambia kijana aende wapi, anajaza fomu kwamba "ameelekezwa", na hesabu inafungwa. Kuelekezwa kunampa kijana jina la ofisi. Anachohitaji ni jina la mtu: ni muuguzi gani, yuko zamu siku ipi, namba yake ipi. Anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, na mtu wa kukaa naye kwenye benchi ile mara ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza ndiyo inayoamua kama atarudi. Vituo vya mkono kwa mkono, vinavyoweka polisi, daktari na ustawi wa jamii chini ya paa moja, vinapunguza safari. Ila viko katika hospitali chache, na wa kijijini bado lazima afikishwe.

Kwa halmashauri zinazoandika bajeti za vijana, ombi ni moja na halihitaji semina nyingine. Wekeni fungu la nauli na muda wa maongezi kwa kila mshauri, na kwenye fomu futeni safu ya "walioelekezwa", muweke "waliofika".