Vitus 979 haikustahili oveni

Video ya ukarabati wa baiskeli inayozunguka wiki hizi mmeiona, na wengi mmenitumia, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye oveni. Mengine yote aliyofanya fundi yule yanasameheka. Kuipaka fremu ya Vitus 979 rangi ya unga hakusameheki, na kinachoudhi zaidi ni kwamba alijua ameshika nini.

Utambuzi wake ulikuwa safi. Stika zilikwishabanduka, akaachana nazo akaisoma fremu yenyewe. Hakuna mshono wa kuchomelea popote. Bomba limevishwa juu ya kiungo, ndiyo maana vinakutana karibu sawasawa, wakati kwenye fremu za ALAN ya Italia bomba ndilo linaloingia ndani ya kiungo, tena kwa hesi. Nguzo ya siti ina milimita 25.0. Akakumbusha hata kwamba stika si ushahidi, kwa kuwa Peugeot na Motobécane nazo ziliuza fremu za ukoo huu wa Ufaransa kwa majina yao. Akahitimisha: ni 979, alumini, imeunganishwa kwa gundi.

Picha inayofuata, fremu inaning'inia ndani ya oveni.

Niliirudisha nyuma nikidhani nimeruka kipande. Sikuruka. Rangi ya unga huhitaji nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi ili iyeyuke na kushikana. Epoksi, yaani gundi ya viungo, huanza kulegea mapema kabla ya joto hilo. Anayetaka kubomoa kwa makusudi fremu ya gundi hutumia nini? Joto. Kwa hiyo yule bwana aliandaa hali zote za kuitenganisha fremu, kisha akaipaka rangi nzuri juu yake ili asione matokeo.

Na fremu ilimwambia. Mliona vile vipele vya rangi kwenye kiungo cha chini, pale bomba linaloshuka kutoka usukani linapokutana na ekseli ya pedali? Vilijipanga kuuzunguka ukingo wa kiungo, na kwingine kote rangi ilikuwa laini. Kuna kitu kilichokuwa kimejificha kwenye ule mwanya, kikapata moto, kikatafuta njia ya kutokea. Fundi makini angesimama hapo, akakishika kiungo kwa mikono miwili, akakipinda kidogo na kusikiliza kama kinalia. Yeye alichukua msasa, akavisugua vipele, akapuliza unga upya na kuirudisha fremu ovenini. Mara ya pili! Kiungo hicho hicho ndicho kinachobeba mguu wa mwendeshaji kila anapokanyaga, na wanaozijua 979 wanajua ndicho cha kwanza kukaguliwa.

Utetezi wake ni kwamba rangi ya unga haibanduki upesi. Sawa, lakini ni nani aliyemwambia fremu hii inahitaji rangi? Nimelisema hapa hadi wahariri wamechoka: anodaizi si rangi. Ni oksidi iliyokuzwa kutoka kwenye alumini yenyewe ndani ya tindikali, ikanyweshwa rangi kwenye vinyweleo vyake, kisha ikazibwa. Yale mabomba mekundu yenye viungo vya fedha ndiyo sura ya 979. Yalikuwa yamepauka upande mmoja kwa jua, basi. Sabuni, maji ya vuguvugu, nta kidogo, kazi imekwisha. Yeye aliyapiga mchanga hadi yakawa meupe, halafu akayafunika kwa bluu iliyokoza ambayo Ufaransa nzima haikuwahi kuiomba.

Tatizo ni mazoea ya chuma. Phoenix au Raleigh ya chuma ichomelee, ioke, ipinde, itakuvumilia, na kwa fremu hizo rangi ya unga ni jambo jema. Ongeza na tamaa ya kamera, maana fremu iliyooshwa tu haileti watazamaji, na iliyotoka ovenini iking'aa inawaleta kwa maelfu. Marehemu Sheldon Brown, yule fundi wa Massachusetts aliyefariki 2008, aliwasaidia watu wasiohesabika kujua baiskeli zao kwa maandishi makavu na vipimo vya milimita. Kwake kuitambua baiskeli kulikuwa na kazi: ukishajua ni nini, unajua usiifanye nini. Siku hizi utambuzi umekuwa utangulizi wa video.

Kumbukeni pia fremu hizi zilikopita. Mwendeshaji Sean Kelly alishinda mbio za Paris–Roubaix za 1984 kwenye tope akiwa juu ya 979, zaidi ya kilomita 260, mawe yakimpiga kuanzia chini, na Kelly hakuwa mtu wa kukanyaga kwa upole. Watu walisema 979 inayumba mno kwa wenye nguvu. Aliyumba nayo hadi mstarini. Gundi iliyohimili kule ikaja kushindwa na karakana yenye taa nzuri.

Haki yake nimpe: habu alizifungua vizuri, gololi mpya, grisi ya kutosha, na hakujaribu kuutanua mkia wa milimita 126 ili uingize gurudumu la kisasa.

Sasa ametangaza kuiuza, akisema iko tayari kwa barabara. Haiko. Anayeitaka kwa ukutani amtolee bei ya ukutani. Anayetaka kuendesha aombe auziwe magurudumu peke yake, ayafunge kwenye fremu nyingine ya mkia huo huo, na fremu ile ya bluu amwachie mwenyewe.