Waliozima Kurs Ndio Waliogonga Mir

Hukumu yangu naitoa mapema, maana sioni sababu ya kuificha. Juni 25, 1997 kamanda Vasily Tsibliyev hakugonga kituo cha anga cha Urusi, Mir, kwa uzembe. Aligongeshwa. Waliomgongesha walikuwa wamekaa kwenye viti vyao katika chumba cha uongozi karibu na Moscow, na kosa lao lilikuwa kuzima Kurs, rada ya kuongozea vyombo hadi gatini, kisha kumwambia kamanda alete chombo cha mizigo cha tani 7, Progress, kwa kutazama televisheni.

Safari yenyewe ilianza vizuri. Chombo cha Soyuz TM-25 kilipaa kutoka Baikonur Februari 10 kikiwa na Tsibliyev, Aleksandr Lazutkin na Mjerumani Reinhold Ewald. Siku mbili baadaye Kurs ilipogoma mita chache tu kabla ya gati, Tsibliyev alishika usukani mwenyewe akaunganisha. Moto uliozuka kituoni Februari 23 ukazimwa, watu wote sita waliokuwemo wakiwa salama. Machi Ewald akarudi nyumbani, na Mei Mmarekani Michael Foale akapanda na chombo cha Atlantis kushika nafasi ya mwenzake Jerry Linenger. Hayo yote kazi safi.

Sasa TORU. Mnaifahamu: vijiti viwili vya kuongozea, skrini, na kamera kwenye pua ya Progress. Kamanda yumo kituoni, lakini anakiongoza chombo cha mizigo kana kwamba amekipanda. Ilitengenezwa iwe akiba, na kama akiba sina ugomvi nayo. Septemba 2, 1994 mwanaanga Yuri Malenchenko aliitumia kuiingiza Progress M-24 gatini baada ya mitambo ya kujiendesha kushindwa. Lakini wakubwa walitaka akiba igeuke kuwa kawaida, kwa sababu Kurs ilitoka Kiev, Ukraine sasa ilikuwa nchi nyingine, bei ilipanda na hazina ya Urusi ilikuwa tupu. Nimeshaandika hapa na nitaendelea kuandika: mhasibu akianza kumchagulia rubani vifaa, ajali iko njiani.

Na dalili ya mvua ni mawingu. Machi 4 walifanya jaribio la kwanza la mpango huo kwa Progress M-33. Skrini ikaacha kuonyesha picha, Tsibliyev akabaki na vijiti mkononi bila kujua chombo kiko wapi, nacho kikapita mita kama 200 kutoka kituoni. Hapo mtu makini angelifuta jaribio. Wao wakakisia kwamba mawimbi ya Kurs ndiyo yaliyoharibu picha, na tiba waliyoandika ni kurudia jaribio lile lile Kurs ikiwa imezimwa.

Kurs ilikuwa ikimpa kamanda namba mbili zenye uhai wa watu ndani yake, yaani umbali uliobaki na kasi ya kukaribia. Bila hizo, Tsibliyev ilibidi ahesabu miraba ya skrini iliyofunikwa na picha ya Mir, kisha akadirie. Siku hiyo ya Juni 25 Progress ilikuja kutoka juu, kwa hiyo nyuma ya kituo palikuwa na mawingu meupe ya Dunia, kijivu juu ya nyeupe. Isitoshe, kituo chenye upana wa mita 30 hivi, kwa umbali wa kilomita 5, huonekana kidogo kuliko mwezi mpevu. Ukisogea kilomita nzima, picha inaongezeka robo tu, na jicho linaona kama hakuna kinachotembea. Lakini kati ya mita 200 na mita 100 picha inakuwa maradufu, na kwa mita 3 kwa sekunde umebakiwa na nusu dakika. Breki za chombo cha tani 7 zinataka uamuzi mapema, na mapema ndipo skrini haisemi kitu.

Mpango ulimtegemea Lazutkin dirishani na kipima umbali cha leza cha mkononi. Alichungulia, hakuona chombo. Alipokiona kilikuwa kimeshafika, kikubwa, kinashuka. Akampigia Foale kelele akimbilie Soyuz. Tsibliyev alikuwa ameshashikilia breki. Progress ikagonga paneli ya jua ya Spektr, moduli mojawapo ya Mir, ikatoboa ganda, hewa ikaanza kuvuja. Lazutkin alichomoa nyaya za mlangoni, nyingine akazikata kwa kisu, wakaifunga Spektr. Foale akapima mzunguko wa kituo kwa kidole gumba dirishani. Hapo hakuna aliyekosea.

Mtaniambia Vladimir Dzhanibekov alifanya magumu zaidi. Kweli, na kwangu hajatokea rubani wa kumfikia. Juni 25, 1982, miaka 15 kamili kabla ya ajali hii, akiwa na Mfaransa Jean-Loup Chrétien, mitambo ilimwacha mita 900 hivi kutoka kituo cha Salyut 7 akaunganisha kwa mkono. Juni 1985 akairudia Salyut hiyo hiyo ikiwa imekufa, haina umeme wala redio, akatia gati na Viktor Savinykh pembeni yake. Lakini Dzhanibekov alikuwa ndani ya chombo alichokiongoza, akatazama kwa macho yake, na leza alipewa kabla ya kupaa kwa sababu wakubwa wa wakati ule walijua anakwenda bila rada. Mpeni Dzhanibekov ile skrini ya Tsibliyev, halafu tuzungumze.

Baada ya ajali maofisa walimnyooshea kidole kamanda, na Rais Boris Yeltsin akawa upande wao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Leo Progress zinakwenda kituo cha kimataifa na Kurs ya kizazi kipya ikiwa imewashwa, huku TORU ikisubiri kama akiba. Walioamua Kurs izimwe mwaka 1997 walikuwa na majina na sahihi. Lakini aliyeitwa kujieleza ni kamanda.