Nani Alilipia Ukurasa Huu?

Habari nzito zaidi ya teknolojia kutoka Nairobi miaka hii ya karibuni, kwa maoni yangu, haikutolewa na gazeti la Nairobi. Ilitolewa na TIME, jarida la Marekani. Februari 2022, Billy Perrigo aliandika kuhusu vijana walioajiriwa na Sama, hapo tu Nairobi, kutazama video za mauaji na ubakaji ili wewe usizione kwenye Facebook. Januari 2023 akarudi na nyingine: wafanyakazi wa Sama walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya kutisha ili ChatGPT ifunzwe kuyaepuka. Sisi wa Kangundo tunafika Nairobi kwa matatu moja. TIME iko New York.

Sasa uliza, TIME ni ya nani? Ya Marc Benioff, bosi wa Salesforce, aliyeinunua 2018 pamoja na mkewe Lynne kwa dola milioni 190. Tajiri wa programu! Kama kweli mwenye gazeti ndiye anayeshika kalamu, ungetarajia makala hizo zisitoke. Lakini tusimvike taji haraka: Facebook si yake, na Sama si yake. Halafu Juni 2024 TIME ikatia saini mkataba na OpenAI, wenye ChatGPT, wa kuwapa makala zake. Tangu siku hiyo nikikuta habari ya OpenAI mle ndani, naisoma polepole.

Huku kwetu watu wanapenda ile orodha ya familia: Standard ya kina Moi, Mediamax ya kina Kenyatta, Royal Media ya S.K. Macharia. Ni orodha nzuri ukitaka kuelewa siasa. Kwa teknolojia haikufikishi mbali, maana hapo swali ni nani analeta matangazo. Safaricom haina haja ya kununua gazeti, inanunua kurasa. Na ilipoingia soko la hisa 2008, serikali ilibaki na asilimia 35. Mwandishi akiiuma, ameuma wawili.

Inawezekana kuuma, manze. Oktoba 2024 Nation ilichapisha uchunguzi kuhusu jinsi polisi wanavyotumia data za simu kufuatilia washukiwa, na Safaricom ikatajwa waziwazi. Kampuni ilikanusha, ikisema hutoa data kwa amri ya mahakama. Lakini ile ilikuwa kazi ya uchunguzi. Kurasa za teknolojia zenyewe zimezoea kutuhesabia kamera za simu mpya.

Hebu chukua simu za mkopo, zile za kulipa kidogo kidogo kila siku. Hapa Kangundo na kule Tala, watu wa boda wengi wanazo. Usipolipa, simu inajifunga, na mtu wa boda simu ikijifunga, wateja wamekwenda kwa mwingine. Makala ninazosoma husifu "ujumuishaji wa kifedha" na kumnukuu mkurugenzi. Ni nadra kukuta mwandishi amejumlisha arabuni na yale malipo ya kila siku, akayaweka kando ya bei ya dukani. Hesabu ya darasa la nne! Niliwahi kuiweka kwenye makala ya tovuti moja (jina naliacha, bado nawadai), mhariri akaitoa aya nzima. Aliniambia, "Bro, hao ndio wanatulipia safari ya uzinduzi mwezi ujao." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kodi ya nyumba kama mimi.

Washington Post, ambayo ni ya Jeff Bezos tangu 2013, ikiandika kuhusu Amazon huongeza sentensi moja kwamba mwanzilishi wa Amazon ndiye mwenye gazeti. Sentensi hiyo haimfungi Bezos mikono, ila msomaji anajua yuko kwa nyumba ya nani. Ya kwetu ingekuwa ndefu kidogo: simu hii tulipewa na kampuni, nauli ya kwenda uzinduzi walilipa wao, chakula pia, na tangazo lao liko ukurasa wa 7.