Giza la kioo si kinga: jinsi tulivyochagua miwani ya mchezaji wa kaiti Paje

Anayecheza kaiti, mchezo wa kuvutwa na tiara juu ya ubao majini, huko Paje, mashariki mwa Unguja, hupigwa na jua kutoka pande zote. Lipo la utosini, ambalo kila mtu analijua. Lipo linalopanda kutoka chini, kwa sababu maji ya ndani ya mwamba ni ya kina kifupi na chini yake umelala mchanga mweupe wa matumbawe. Na lipo linalokuja ubavuni, kutoka kwenye povu na kwenye maji yanayometameta hadi upeo wa macho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mchanga mkavu wa pwani hurudisha takriban asilimia 15 ya miale ya urujuanimno inayoupiga, na povu la bahari takriban asilimia 25. Kofia yenye ukingo mpana huzuia ile ya utosini tu. Isitoshe, Paje iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, ambako kipimo cha miale hiyo wakati wa adhuhuri huvuka 11 mara nyingi, na 11 ndipo linapoanza daraja la hatari la juu kabisa katika jedwali la shirika hilo.

Nimeanzia kwenye mwanga kwa makusudi. Wengi huanzia dukani, mbele ya kioo cha kujitazamia, wakauliza ipi inapendeza na ipi ni nyeusi zaidi. Uchaguzi wa miwani ya majini unapaswa kuanza na swali jingine: mwanga unaingia jichoni kupitia wapi?

Kijana mmoja anayefundisha kaiti huko, na ambaye hukaa majini tangu upepo unapoamka hadi alasiri, alitaka miwani ya msimu wa kusi. Aliyokuwa nayo ilikuwa nyeusi sana, ya kununuliwa barabarani, haina alama yoyote, na kila jioni macho yake yalikuwa mekundu. Tulikaa tukachambua sifa moja baada ya nyingine. Sifa inayotangazwa zaidi dukani, ile ya kukata mng'ao, tuliishia kuipa nafasi ya nne.

Ile nyeusi tuliitoa kwanza. Mwanga tunaouona una urefu wa mawimbi wa kuanzia nanomita 400 hivi hadi 700. Urujuanimno uko chini ya 400, nao jicho haliuoni. Weusi wa lenzi hupunguza mwanga unaoonekana, lakini hausemi lolote kuhusu usioonekana. Lenzi inaweza kuwa nyeusi tititi na bado ikapitisha urujuanimno, na nyingine ikawa haina rangi kabisa lakini ikauzuia karibu wote. Kibaya zaidi, jicho likitiwa gizani mboni hupanuka, kwa hiyo miale ambayo haikuzuiwa hupata njia pana ya kuingilia. Alama ya kutafuta ni UV400, yaani lenzi inayozuia mawimbi yote hadi nanomita 400. Pasipo hiyo hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo.

Sifa ya pili tuliyoitazama ni umbo, na hapa naomba msomaji tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Kuna kinyama kinachoota juu ya jicho, madaktari hukiita pterijiamu. Huanza kwenye ngozi laini inayofunika sehemu nyeupe, kikatambaa polepole kuelekea konea, na kikiachwa huweza kufika mbele ya mboni na kuharibu uoni. Huwapata sana watu wa jua, upepo na maji: wavuvi, wakulima, mabaharia, wachezaji wa mawimbini. Mara nyingi huota upande wa pua. Hilo lilikuwa fumbo, kwa sababu pua yenyewe hutia kivuli upande huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 daktari wa macho wa Australia, Minas Coroneo, alitoa maelezo yenye nguvu: mwanga unaoingia kwa ubavuni, kutoka upande wa sikio, hupita ndani ya konea, na konea kwa umbo lake la kuba huukunja na kuukusanya upande wa pili, kwenye ukingo wake ulio karibu na pua. Hesabu zake zilionyesha kwamba mwanga unaweza kukusanyika hapo kwa takriban mara 20.

Kwa mnunuzi, maana yake ni hii. Miwani bapa yenye lenzi bora kuliko zote, ikiacha mwanya kando ya jicho, imeacha wazi njia ile ile inayoleta madhara. Kwa hiyo tulitaka fremu iliyopinda kufuata uso, mikono yake mipana pale inapoungana na lenzi, na ukingo wa juu unaokaribia nyusi. Kuipima ni rahisi: ivae, lipe jua mgongo, kisha utazame upande wa ndani wa lenzi. Ukiona humo mng'ao wa jua lililo nyuma yako, miwani hiyo inavuja ubavuni.

Sifa ya tatu ni kitu ambacho lenzi imetengenezwa nacho. Vioo halisi tulivikataa bila mjadala. Kwenye kaiti kuna ubao, kuna fimbo ya kuongozea, kuna kamba zinazokazwa na upepo, na anayeanguka kwa kasi hupigwa na maji usoni kwa nguvu. Kioo kikivunjika mbele ya jicho, kinga imegeuka kuwa jeraha. Lenzi inayofaa ni ya polikaboneti, plastiki iliyogunduliwa mwaka 1953 na watu wawili, kila mmoja akifanya kazi peke yake, Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani. Ni nyepesi, ikipigwa hubonyea kabla ya kupasuka, na kwa asili yake hunyonya sehemu kubwa ya urujuanimno hata isipotiwa rangi yoyote. Udhaifu wake ni mikwaruzo. Mchanga wa Paje, ingawa ni laini mguuni, ni mgumu kuliko polikaboneti, kwa hiyo lenzi lazima iwe na tabaka gumu la nje, na mwenyewe awe na nidhamu ya kuisuuza kwa maji baridi kabla ya kuigusa kwa kitambaa. Anayefuta chumvi iliyokauka anaisugua lenzi yake kwa msasa.

Sasa tuje kwenye sifa ya nne, ile ya kukata mng'ao, yaani polaraizi. Mwaka 1808 mhandisi wa Kifaransa Étienne-Louis Malus, akiwa Paris, alitazama kupitia jiwe angavu la kalisaiti mwanga wa jua uliorudishwa na madirisha ya kasri la Luxembourg. Alipolizungusha lile jiwe, mng'ao ulibadilika nguvu. Alikuwa amegundua kwamba mwanga ukidunda juu ya kitu laini, mawimbi yake hujipanga. Kwenye maji hujipanga zaidi kwa mlalo. Lenzi ya polaraizi ina utando unaopitisha mawimbi ya wima na kuzuia ya mlalo, kwa hiyo mng'ao wa maji hukatika huku vitu vingine vikiendelea kuonekana. Utando wa aina hiyo unaoweza kutengenezwa kwa wingi ulitokana na kazi aliyoianza Mmarekani Edwin Land mwishoni mwa miaka ya 1920.

Muuzaji hatakuambia kwamba utando huo haufanyi kazi sawasawa saa zote. Mskoti David Brewster alionyesha mwaka 1815 kwamba kuna pembe moja ambayo mng'ao hujipanga kikamilifu. Kwa maji pembe hiyo ni nyuzi 53 hivi kutoka wima, yaani pale jua linapokuwa nyuzi 37 hivi juu ya upeo. Kwa Zanzibar hiyo ni kama saa tatu asubuhi, na tena saa kumi kasoro alasiri. Saa hizo lenzi ya polaraizi hufanya maajabu. Adhuhuri, jua likiwa karibu na utosi, mng'ao wake hurudi juu bila kujipanga sana, na msaada wa utando hupungua.

Jambo la pili ni kichwa. Utando hukata mng'ao wa mlalo pale tu kichwa kinapokuwa wima. Ukiinamisha kichwa upande kwa nyuzi 30, robo ya mng'ao uliojipanga hupita. Ukifika nyuzi 45, nusu yake hupita. Mchezaji wa kaiti huulaza mwili dhidi ya upepo muda wote, na kijana wetu alipojichunguza aligundua kwamba mara nyingi anaulaza mwili huku kichwa amekisimamisha. Hiyo ilikuwa habari njema kwake. Kwa mwenye mchezo wa kuruka na kupinduka hewani, faida ni ndogo.

Wapo pia wanaoikataa polaraizi kwa sababu upepo husomwa juu ya maji: pale maji yanapobadilika rangi na kukunjamana, ndipo upepo mkali unapokuja, na baadhi ya dalili hizo zimo ndani ya mng'ao wenyewe. Hoja hiyo ni ya kweli kwenye bahari ya kina kirefu. Lakini Paje ina jambo lake. Kilimo cha mwani kilianza hapo na katika kijiji jirani cha Jambiani mwaka 1989, na hadi leo chini ya maji kuna vigingi na kamba za akina mama. Kuna matumbawe na kuna urchini. Maji yanapokupwa, kinachomwumiza mchezaji kipo chini ya uso wa maji. Kuona chini ni usalama wake na ni heshima kwa shamba la mtu. Kwa sababu hiyo tuliichagua polaraizi, tukiwa tumekwisha kuhakikisha yale matatu ya mwanzo. Tulihakikisha pia kwamba utando umefungwa ndani ya polikaboneti. Miwani mingi ya polaraizi ya bei nafuu hutengenezwa kwa matabaka membamba ya plastiki dhaifu zaidi, ambayo baada ya muda wa chumvi na joto huanza kuachana kwenye kingo.

Rangi na kiwango cha giza havikutuchukua muda. Kwa vipimo vya Ulaya, daraja la 3 hupitisha kati ya asilimia 8 na 18 ya mwanga unaoonekana, na linatosha. Daraja la 4 ni zito mno kwa msimu wa kusi, ambapo wingu huja na kuondoka. Lenzi ya kahawia husaidia kutofautisha vitu kwenye maji ya buluu. Ya kijivu huacha rangi kama zilivyo. Alichukua kahawia.

Miwani isiyokaa usoni haina thamani. Polikaboneti ni nzito kuliko maji ya bahari, kwa hiyo miwani ya kawaida ikianguka huzama. Tulitafuta yenye mpira laini puani na mikononi, mkanda wa kukaza nyuma ya kichwa, na sponji ya kuifanya ielee. Tundu ndogo za hewa pembeni ni muhimu, maana mtu akisimama kumngoja mwanafunzi wake, joto la uso hutia ukungu lenzini papo hapo.

Nyongeza moja kwa wanaozamia. Miwani hii ni ya juu ya maji. Hata ile ya kuogelea, inayofunika macho peke yake, si ya kuzamia. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu, na miwani isiyofunika pua haina njia ya kusawazisha hewa iliyo ndani yake, kwa hiyo huyavuta macho hadi mishipa midogo ikapasuka. Mzamiaji achukue inayofunika macho na pua pamoja.

Dukani tulitumia vipimo viwili. Kwa polaraizi, tazama skrini ya simu ukiizungusha miwani: ikifika pembe fulani skrini nyingi hufifia au huwa nyeusi. Kwa urujuanimno, maduka mengi yana taa ya kukagua noti bandia. Weka lenzi kati ya taa na noti. Alama za noti zikiendelea kung'aa kama kawaida, iache miwani hiyo. Zikizimika, imepita chujio la kwanza tu, kwa sababu taa hizo hazijaribu mawimbi yote hadi nanomita 400. Uthibitisho kamili hutolewa na kipimo cha daktari wa macho au fundi wa miwani.

Katika kazi hiyo niliona jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko miwani ya kaiti yenyewe. Wanawake wa mwani huinamia maji yale yale kwa saa nyingi, jua likiwapiga kutoka chini ya ukingo wa kofia na mitandio yao, na wengi hawavai chochote machoni. Kwao polaraizi si lazima. Miwani ya usalama isiyo na rangi inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ile ya polikaboneti iliyopinda hadi ubavuni, inatimiza yale matatu ya mwanzo kwa bei ndogo sana. Watafute alama 2C-1.2 ya vipimo vya Ulaya, au U6 kwenye zile zenye alama ya Marekani Z87. Zote mbili zinahusu kuzuia urujuanimno.

Wenye shule za kaiti, wenye hoteli za Paje, Jambiani na hata Diani kule Kenya, na wanunuzi wa mwani: wekeni miwani hiyo kwenye orodha ya vifaa vya kazi, pamoja na viatu vya majini na jaketi la kuelea. Na ambaye kinyama kimekwisha kuota jichoni asisubiri kifike kwenye mboni. Aende akapimwe sasa.