Sayari Inayokalika: *Walenisi* Ikisomwa kutoka Mara

Makala hii inahakiki uumbaji wa sayari ngeni inayokalika katika *Walenisi* (1995), riwaya ya Katama Mkangi ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anafikishwa na chombo cha angani kwenye jamii ya usawa. Kama jina “wale ni sisi” linavyodokeza, ugeni wa sayari hiyo ni wa mahusiano ya watu zaidi kuliko wa maumbile. Hapo ndipo penye pengo. Mkoani Mara, wavuvi wa Musoma hutegemea ziwa, wafugaji wa Bunda hupakana na wanyama wa Serengeti, na Ujamaa wa Nyerere, mzaliwa wa Butiama, ulijaribiwa na ukame wa 1973–1974. Inahitimishwa kwamba usawa usiojaribiwa na maji wala malisho ungali nadharia, haujawa makazi.