"Banasema": Jibu la Msikilizaji kwa Habari za Siasa Mjini Kamina

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili wamezoea kuzitaja tanzu zake kwa mpangilio unaojulikana: hadithi, methali, vitendawili, nyimbo na maghani. Upo usemi mmoja ambao haujapata nafasi ya kutosha katika orodha hizo, ingawa hutungwa kila siku na hauhitaji fanani aliyefunzwa. Huo ni usemi anaoutoa msikilizaji mara tu taarifa ya habari inapokwisha: kuguna, kucheka, kukanusha, kusahihisha, kumwuliza jirani kama naye amesikia hivyo hivyo. Makala haya yanakusudia kuuhakiki usemi huo kwa kuutazama Kamina, makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Hoja yetu ni kwamba jibu la msikilizaji ni uhakiki kamili, wenye mbinu na historia yake, wala si porojo za watu wasioelewa mambo. Hata hivyo, uhakiki huo unaweza kuugua maradhi yale yale unayoyashutumu kwa watangazaji, yaani kumficha msemaji. Maradhi hayo yakiachwa bila tiba, gharama yake hulipwa kwa maisha ya watu.

Tumeichagua Kamina kwa sababu mbili. Kwanza, ni njia panda ya reli: treni zitokazo Lubumbashi hufika hapo, kisha njia moja huelekea Kasai hadi Ilebo na nyingine huelekea Kabalo. Habari zimepita Kamina pamoja na abiria tangu siku za reli ya BCK. Pili, ni mji wa lugha tatu. Kiluba ni lugha ya nyumbani kwa wengi, Kiswahili cha Katanga ni lugha ya soko na mtaa, na Kifaransa ni lugha ya ofisi. Mtu anayesikiliza habari za siasa hapo huvuka mpaka wa lugha walau mara moja kabla hajatoa maoni yake.

2. Sauti itokayo juu

Kwa muda mrefu utangazaji wa Kongo ulikuwa sauti ya upande mmoja. Enzi za Zaire, taarifa ya habari ya televisheni ya taifa ilifunguliwa kwa picha ya uso wa Rais Mobutu ukitokeza katikati ya mawingu. Picha hiyo haikuhitaji maelezo. Ilimweleza mtazamaji kwamba habari hutoka juu na kwamba kazi yake ni kuipokea.

Mambo yalianza kubadilika baada ya tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Mijadala ya Mkutano Mkuu wa Taifa wa miaka ya 1991 na 1992 ilipopeperushwa hewani, raia walisikia viongozi wao wakipingana mbele ya kipaza sauti. Baadaye, tarehe 25 Februari 2002, ilianzishwa Radio Okapi chini ya Umoja wa Mataifa kwa ushirikiano na Fondation Hirondelle, ikitangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Mwaka 2010 RFI nayo ilianza matangazo ya Kiswahili kutoka Dar es Salaam. Hivyo msikilizaji wa Katanga, ambaye zamani alikuwa na mlango mmoja, alijikuta mbele ya milango kadhaa, na akaanza kulinganisha.

Aidha, hatuna budi kutambua kwamba Kiswahili cha matangazo hayo si kile cha mtaani. Kiswahili hicho cha redio humfikia mtu wa Kamina kikiwa kimevaa kanzu ya sikukuu. Anakielewa, anakiheshimu, lakini hajibu kwacho. Anapojibu, hurudi katika Kiswahili chake cha Katanga, kile ambacho kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi kilikipa heshima jukwaani na hewani kwa michezo isiyoandikwa, na ambacho Johannes Fabian alikichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1990, Power and Performance. Basi umbali kati ya habari na jibu lake ni umbali wa lugha kabla haujawa umbali wa siasa.

3. Jibu litokalo chini

Palipo na sauti moja kutoka juu, raia hujitengenezea nyingine. Wakongo waliiita radio trottoir, yaani redio ya kando ya barabara. Haikuwa na mitambo wala ratiba, lakini ilikuwa na wahariri wengi. Mtu aliyeleta habari aliulizwa papo hapo: umetoka wapi, nani amekuambia, yeye alikuwapo? Katika miaka ya 1990 waliibuka pia wale walioitwa parlementaires debout, wabunge wa kusimama, ambao walikusanyika penye wauza magazeti, wakasoma vichwa vya habari bila kununua, kisha wakajadili hadi jua likawa kali. Wapo waliowadharau kwa kuwaona wavivu. Sisi tunawaona kuwa wahakiki, kwa maana walifanya mambo matatu ambayo mhakiki yeyote huyafanya: walisoma matini, waliilinganisha na matini nyingine, na walitoa hukumu mbele ya watu walioweza kuwapinga.

Sifa hiyo ya tatu ndiyo muhimu zaidi. Msemaji wa radio trottoir alikuwa na uso. Akithibitika kuwa mwongo leo, kesho hasikilizwi. Udhibiti wake haukuandikwa katika sheria yoyote, bali ulikaa katika aibu.

4. Sarufi ya kumficha msemaji

Tuitazame sasa lugha yenyewe. Taarifa rasmi ya Kiswahili sanifu hupenda kauli ya kutendwa: imetangazwa, imeelezwa, imeamuliwa, hatua zitachukuliwa. Tukiuliza imetangazwa na nani na kwa mamlaka gani, mara nyingi sentensi haijibu. Kauli ya kutendwa haina kosa kisarufi, lakini ina faida kwa mwenye cheo, kwani tendo huonekana na mtendaji hujificha.

Kiswahili cha Katanga, kwa upande wake, mara nyingi huiepuka kauli hiyo. Badala yake hutumia kiambishi ba-, ambacho ni sawa na wa- ya Kiswahili sanifu, bila kumtaja mtu maalumu: banasema, balitangaza, batakuya. Mtu anapoisikia redio ikisema "imetangazwa", yeye hutafsiri kwa jirani yake "balitangaza". Tafsiri hiyo ni uhakiki tayari, kwa kuwa imerudisha watu mahali ambapo sarufi rasmi iliwaondoa. Imekiri kwamba nyuma ya kila tangazo wamo binadamu waliokaa mahali wakaamua jambo.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeusifu usemi huu kupita kiasi. Ba- nayo ni pazia. Anayesema "banasema" hajasema ni akina nani, wala hajakubali kuwa yeye ni mmoja wao. Ndiyo maana swali lililoilinda radio trottoir lilikuwa fupi sana: Banani? Akina nani hao? Kwa maoni yetu, thamani ya jibu lolote kwa habari za siasa hupimwa kwa jinsi linavyolistahimili swali hilo.

5. Simu na kupotea kwa uso

Simu ya mkononi iliichukua radio trottoir ikaipa mbawa. Sauti iliyorekodiwa Kinshasa hufika Kamina kabla ya taarifa ya saa moja jioni, na kipande cha matangazo hukatwa, huongezewa maneno na kurushwa tena. Manufaa yake si ya kubeza. Raia amepata njia ya kuikosoa redio kwa kutumia maneno ya redio yenyewe.

Serikali ililijua jambo hilo vizuri. Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018. Siku iliyofuata intaneti na ujumbe mfupi wa simu vilikatwa nchini, na matangazo ya RFI yakazimwa katika miji kadhaa. Tume ya uchaguzi, CENI, ilitangaza tarehe 10 Januari 2019 kwamba Félix Tshisekedi ameshinda kwa asilimia 38.57 dhidi ya asilimia 34.83 za Martin Fayulu. Baraza la Maaskofu, lililokuwa limeweka waangalizi wapatao 40,000, lilisema kwamba matokeo hayo hayakulingana na takwimu zake. Mawasiliano yalirudi baada ya karibu wiki tatu, Mahakama ya Katiba ilipokwisha kuyathibitisha matokeo. Katika kipindi hicho raia alibaki na tangazo lisilokuwa na wa kulihoji hadharani. Kuzima majibu kulikuwa namna ya kuhariri habari.

Hata hivyo, simu imeondoa kitu. Ujumbe uliopitishwa kwa WhatsApp huonyesha kwamba umepitishwa, lakini hauonyeshi umeanzia kwa nani. Swali la Banani? huulizwa, na anayeulizwa hujibu kwa uaminifu kabisa: nami nimetumiwa tu. Aibu iliyokuwa askari wa barabara haina pa kusimama.

6. Neno na garimoshi

Msomaji anaweza kutuambia kwamba haya ni mambo ya sarufi tu. Tunamwomba akumbuke stesheni ya Kamina.

Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mzaliwa wa Kasai, kuwa Waziri Mkuu. Habari hiyo ilipokelewa Katanga kwa majibu mawili: furaha ya Wakasai na hasira ya wafuasi wa chama cha UFERI. Wakati huo mkoa uliongozwa na Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, ambaye hotuba zake ziliwataja Wakasai kuwa chanzo cha shida za wenyeji. Mitaani lilienea neno bilulu, yaani wadudu. Watu walifukuzwa Likasi mwaka 1992 na Kolwezi mwaka 1993. Walilala stesheni wakisubiri treni, kisha wakapakiwa katika mabehewa kuelekea Kasai, na njia ya treni hizo hupita Kamina. Wengi walikuwa wamezaliwa Katanga. Wapo waliokufa njiani.

Je, bilulu lilikuwa jibu kwa habari? Ndiyo, na hapo ndipo uhakiki wetu unapopata uzito. Lilikuwa jibu lisilouliza kitu kuhusu habari yenyewe. Halikupinga utaratibu wa uchaguzi wala sera za aliyechaguliwa. Liliiacha habari, likamgeukia jirani. Tena lilisemwa na ba- isiyo na mwenyewe, hivyo kila mmoja alilitumia na hakuna aliyelimiliki.

Novemba 2023, huko Malemba Nkulu, ndani ya mkoa huu huu wa Haut-Lomami, kijana mwendesha pikipiki aliuawa, na baada ya hapo watu wenye asili ya Kasai wakashambuliwa. Picha za video zilizunguka nchi nzima katika simu. Waliozipokea wakiwa Kamina hawakuhitaji kukumbushwa kwamba njia hiyo ilikwisha kupitwa.

7. Ulinganisho

Inafaa tutazame kwingineko ili tuone namna nyingine za kujibu. Nchini Uingereza, Septemba 2014, siku chache kabla ya kura ya uhuru wa Scotland, umati wa watu uliandamana hadi makao ya BBC mjini Glasgow ukilalamikia upendeleo. Shirika hilo limefungwa na hati yake kutopendelea upande wowote, na tangu mwaka 2017 husimamiwa na Ofcom. Mlalamikaji wa huko, hata akitukana mtandaoni, ana anwani ya kupeleka lalamiko lake.

Karibu na kwetu zaidi, Julai 2015, televisheni ya CNN iliieleza Kenya kuwa kitovu cha ugaidi siku chache kabla ya ziara ya Rais Obama. Wakenya walijibu kwa maelfu chini ya alama ya #SomeoneTellCNN. Mwezi uliofuata mkuu mmoja wa CNN, Tony Maddox, alikwenda Nairobi kuomba radhi. Tuligundue lililolipa jibu hilo nguvu. Halikusema "banasema". Lilimtaja aliyesema, likaitaja kauli yake, na likaeleza kosa lake. Kejeli zilikuwamo tele, lakini zilimlenga mwenye kipaza sauti.

Kongo nayo ina chombo cha kusimamia utangazaji, CSAC, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Lakini Desemba 2012 chombo hicho kilipojulikana na wengi, ni kwa kuyakata matangazo ya Radio Okapi mjini Kinshasa. Msikilizaji wa Kamina aliyeona hayo si wa kulaumiwa akiona kwamba lango la malalamiko hufunguka upande wa wenye mamlaka tu, naye akabaki na jirani na simu yake.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba jibu la msikilizaji lina sarufi, lina historia na lina maadili. Linastahili kufundishwa katika madarasa yetu ya fasihi simulizi kando ya methali na vitendawili, si kwa sababu ni zuri daima, bali kwa sababu linahitaji wahakiki. Mwanafunzi anayejua kuchambua kauli ya kutendwa katika taarifa ya habari anapaswa pia kuichambua ba- katika ujumbe aliotumiwa usiku na binamu yake.

Mkata kiu haulizi kisima kimechimbwa na nani, na huenda kwa maji haidhuru. Kwa habari inadhuru. Watangazaji na wapitisha ujumbe wote wanadaiwa jibu la swali lile lile la wazee wa kando ya reli: Banani?