Herufi Ndogo za Wen Zhengming

Mwandiko wa Wen Zhengming ulikuwa mbaya. Ndivyo mtahini mmoja alivyoona alipomshusha kijana huyo wa Suzhou hadi daraja la tatu, mwishoni mwa karne ya 15. Inasimuliwa kwamba tangu hapo akawa ananakili matini ya herufi elfu moja mara kumi kila siku. Ukaidi wa namna hiyo ndio unaodaiwa na xiaokai, mwandiko sanifu mdogo wa Kichina.

Herufi moja yaweza kuenea kwenye ukucha wa kidole cha mwisho, na bado ndani yake brashi inatua, inakandamizwa, inageuka, inainuliwa. Wino haufutiki. Kwa hiyo waandishi hupendelea brashi ya manyoya magumu yenye ncha kali, na karatasi isiyonywa wino upesi. Su Shi, mshairi wa karne ya 11, aliona kwamba taabu ya herufi kubwa ni kuzikaza, na taabu ya herufi ndogo ni kuzipa nafasi. Alisema kweli: wanagenzi wengi huzibana mpaka zikakosa pumzi.

Chimbuko la sanaa hii ni Zhong Yao (151–230), waziri wa dola ya Wei, ambaye herufi zake pana zingali na harufu ya mwandiko wa zamani wa makarani. Katika karne ya 4 Wang Xizhi akazikaza, kisha mwanawe Wang Xianzhi akazilegeza kwa madaha. Kazi ya mwana inayosifiwa kuliko zote imebaki mistari 13 tu, nayo tunaijua kwa chapa za jiwe. Karatasi zenyewe zimepotea.

Halafu ikaja mitihani ya serikali. Hadi ilipofutwa mwaka 1905, watahiniwa walitakiwa kuandika herufi nyeusi, za mviringo, zilizolingana. Safi, lakini baridi.

Wen mwenyewe aliifeli mitihani ya jimbo mara kadhaa. Mwaka 1523 alipata kazi Beijing kwa kupendekezwa, hakukaa sana akarudi kwao, akaendelea na herufi zake ndogo hata alipopita miaka 80. Alifariki mwaka 1559.

Anayetilia shaka sifa za herufi hizo na aweke picha ya karatasi ya mtihani wa enzi ya Qing kando ya kazi ya Wen ya uzeeni. Asihangaike kusoma maneno. Atazame weupe uliobaki katikati ya mistari.